Nilitibiwa Mchana, Nikalala Nyumbani

Bwana asifiwe, wapendwa! Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi ambao mpaka leo mkiniona njiani mnavuka upande wa pili, nanyi pia, Bwana asifiwe!

Mchungaji aliniuliza kama nina nguvu za kusimama hapa mbele. Nilimwambia nguvu sina, lakini nitasimama. Mikono yangu mnaiona inavyotetemeka. Ni woga, na ni dawa pia. Nasema hili mapema ili baadaye asitokee mtu wa kusema nilificha.

Mimi naitwa Foibe. Wengi mnanijua kama mkwe wa marehemu Mama Damari. Kwetu kulikuwa milimani, juu ya Kidete. Mume wangu, Elia, alikuwa kwenye kazi ya barabara kule Mikumi, akija nyumbani kwa nadra. Nyumbani tulikuwa mimi, mama yake, na mtoto wangu wa kwanza, Yona, ambaye hata kitovu chake kilikuwa hakijadondoka siku lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa lilipofika.

Mahindi yalikuwa yamesimama shambani. Paa letu liliezuliwa nikiwa ndani nanyonyesha. Nilitazama juu nikaona mbingu mahali ambapo asubuhi palikuwa na nyasi. Simlaumu mtu, ndugu zangu. Waliokuja walitumwa. Nanyi mnakumbuka ilivyokuwa: tulishushwa hapa porini, kila mmoja akaonyeshwa kigingi cha kiwanja chake, na mvua ikaanza kabla hatujapata hata mti wa kujengea.

Usingizi ukanitoka. Chakula kikawa kama mchanga mdomoni. Kisha ikaja sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume nisiyemjua, ikisemea nyuma ya sikio langu. Mwanzoni ilinitukana tu. Baadaye ikaniambia kwamba huyu mtoto si wangu, kwamba wangu amebaki kule milimani, na huyu nimpeleke mtoni maji yamchukue ili wangu arudishwe.

Ndugu zangu, nilikwenda!

Mama mkwe alinikuta nimesimama mtoni, maji yamefika kiunoni, Yona nimemshika juu ya maji. Hakupiga kelele. Aliingia na nguo zake, taratibu, akasema, "Mwanangu, nipe nikupokee. Umechoka." Nikampa. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa. Ninapohesabu neema za Mungu, naanzia hapo.

Baada ya hapo nilifungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba ambayo hata haijakandikwa. Sikufungwa kwa chuki. Mama alilia akinifunga. Tulipelekwa kwa waganga, nikachanjwa, nikafukizwa majani. Walikuja watu kuniombea, Mungu awabariki. Wengine walikuja kuchungulia tu. Elia naye alikuja. Alinitazama kutoka mlangoni, kofia mkononi, akamwambia mama yake, "Mama, mimi hili siliwezi." Akarudi Mikumi. Nasikia ana mke mwingine huko, na watoto. Namwombea.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Kule milimani hospitali ilikuwa mbali mno, mtu alikuwa akifia njiani. Lori lile lililoniangamiza ndilo lililonileta mahali ambapo hospitali ya misheni mtu anaifikia kwa miguu. Nimelitafakari jambo hili miaka mingi na sijalimaliza.

Mama alinipeleka, kamba imefungwa kiunoni mwangu, ncha ameishika yeye, Yona mgongoni kwake. Watoto walitufuata wakiimba. Tukampata muuguzi mmoja aliyesomea magonjwa ya akili. Nitamwita Sista Agnesi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunifungua ile kamba pale uani, mbele ya watu wote. Nikaketi chini nikalia.

"Hapa sina wodi ya kumlaza," alimwambia mama. "Na tukimpeleka mbali, mtoto atamsahau. Mlete kila asubuhi. Jioni njoo umchukue."

"Na usiku, Sista?"

"Usiku utakuwa naye wewe. Nitakufundisha."

Hivyo ndivyo nilivyotibiwa, ndugu zangu. Mchana mgonjwa wa hospitali, jioni mtu wa nyumbani. Tulikuwa wachache pale kwenye baraza ya hospitali. Asubuhi tunameza vidonge mbele ya Sista, tunafungua midomo aone. Kisha tunapalilia bustani ya mchicha, tunasuka mikeka, tunakunywa uji, na mchana tunaketi kila mtu aseme usiku wake ulikuwaje. Vidonge vilifanya ulimi wangu kuwa mzito kama wa ng'ombe. Nilitembea kama mtu aliyebeba gunia. Na ile sauti ilipungua, lakini haikuondoka.

Hapa kijijini maneno yakaanza. Kwenye mkutano ilisemwa wazi kwamba asiyeonekana kwenye shamba la ujamaa anakula jasho la wenzake. Mgonjwa gani huyu, anayekwenda na kurudi kwa miguu yake mwenyewe? Mama Damari alisimama. Wengine mlikuwepo, mlimsikia. "Zamu yake nitalima mimi. Mkiona tuta halijalimwa, njooni mniulize mimi." Akaketi. Tangu siku hiyo mama yule mzee alinipeleka alfajiri, akarudi kulima sehemu yake, akalima na yangu, jioni akaja kunichukua. Mikono yake ilipasuka. Nilikuwa naiona ikipasuka na sikuwa na akili ya kusema pole.

Pale barazani alikuwepo bwana mmoja aliyewahi kuwa mkata mkonge, pombe ya gongo ilikuwa imemmaliza. Alikuwa hodari wa kusuka na hodari wa kutuchekesha. Asubuhi moja hakuja. Tulimwekea uji wake mpaka ukaganda. Kesho yake Sista alitueleza kwamba amekutwa kando ya reli, amekufa, chupa ubavuni. Hakuna aliyeweza kusuka siku ile. Nawaambia haya ili mjue kwamba si wote tuliokuwa pale tuliopona. Kwa nini mimi na si yeye?

Siku moja Sista alimwambia mama amwache Yona barazani. Akaleta karai la maji ya vuguvugu, akaniambia, "Leo utamwogesha mwanao."

Nilikataa. Tangu siku ile ya mtoni nilikuwa sijamshika mtoto nikiwa na maji karibu. Sista akasema, "Mimi nakaa hapa." Akavuta kigoda akaketi.

Nikamtia Yona majini. Akashtuka, akalia, akanyoosha mikono kumtafuta bibi yake. Na sauti ikaja! Ikaja kwa nguvu kuliko wakati wowote. Ikasema, mzamishe sasa. Ndugu zangu, siku zote hizo sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno ambayo ile sauti ilikuwa inayasema. Niliona aibu. Niliona wakijua watanifunga tena. Pale mdomo wangu ukafunguka, na mimi naamini Mungu ndiye aliyeufungua. Nikasema, "Sista, inaniambia nimzamishe."

Nilidhani atamnyakua mtoto. Hakumnyakua. Aliingiza mkono wake chini ya mgongo wa Yona, pembeni ya mkono wangu, akasema, "Nimesikia. Isugue miguu, ina matope."

Nikaisugua. Machozi yananitoka, ile sauti inanguruma, nami nasugua kisigino, vidole, katikati ya vidole. Nikamsafisha shingo. Nikamwinua, nikamfunga kwenye khanga. Sauti haikunyamaza. Lakini mtoto alikuwa ameoga, ni mzima, yuko kifuani kwangu, na mimi ndiye niliyemwogesha!

Huo ndio wokovu wangu. Sikuona nuru wala sikuanguka chini. Nilifunguliwa mdomo, nikapewa mkono wa pili chini ya mtoto. Bwana asifiwe sana!

Kuanzia hapo nikaanza kupona, polepole mno. Siku za kwenda zikapungua. Nikarudi shambani, nikashika jembe langu mwenyewe. Mama alikuwa ameanza kukohoa. Alikohoa kiangazi chote, na masika yalipoanza akafariki. Nilimuuguza mimi. Nilimwogesha mimi. Nashukuru nilipata akili kwa wakati wa kumwambia, "Pole, mama. Ahsante, mama." Akanijibu, "Ulikuwa umechoka tu."

Yona sasa anasoma shule. Alikuwa akimwita bibi yake mama, na mimi akiniita Foibe, kama alivyosikia. Siku hizi watu wakiwepo ananiita mama. Tukiwa wawili anasahau. Inaniuma, siwadanganyi. Namwomba Mungu, nasubiri.

Wapo wanaosema, "Kama kweli Bwana amemponya, mbona bado anameza vidonge?" Jibu langu ni fupi: namshukuru Mungu kwa kila kidonge. Na zipo siku ile sauti hunong'ona. Nikiisikia, nakwenda kwa Sista nikiwa bado natembea mwenyewe, namwambia imesema nini.

Ndugu zangu, najua humu ndani wapo wenye mtu wao chumbani ambaye majirani wanaambiwa amesafiri. Sitataja nyumba. Namwomba Mungu awape ujasiri aliompa mama mkwe wangu, wa kupita na mgonjwa mchana watu wakiona. Kesho ni zamu yangu ya kliniki. Jua likichomoza nitakuwa nimesimama hapo nje, mlangoni pa kanisa. Mlete mtu wako. Usipokuja kesho, mwezi ujao nitasimama tena. Njia ile naijua, na kama kuna mtoto, nitakusaidia kumbeba.

Mungu awatunzie nyumba zenu, na usiku wenu pia. Amina.