Lachlan Baird, Aliyevipinda Vitako Vikafuata Mabega

Marehemu Lachlan Baird alizaliwa tarehe 9 Agosti 1947 huko Riversdale, Southland, mtoto wa pili wa Hector na Elspeth Baird, wafugaji wa kondoo. Alisoma Riversdale, kisha sekondari mjini Gore. Walimu walilalamika kwamba anatazama dirishani mno. Alikuwa akitazama bata. Mwaka 1963 aliacha shule akajifunza useremala.

Mwaka 1970 alifungua karakana nyuma ya nyumba yake, akichonga vitako, yaani sehemu ya mbao inayoegemezwa begani, vya bunduki za marisau kwa wawindaji na kwa wanaklabu wanaolenga visahani vya udongo vinavyorushwa angani. Mteja akiuliza mtutu upi ni bora, Lachlan alimwomba kwanza bunduki yake. Aliikagua bunduki kuhakikisha ni tupu, akamwambia afumbe macho, ainue mpaka begani, kisha afumbue. Hapo aliona yote: kitako kimezidi urefu, au shavu limekaa chini mno. Aliparua mbao ya mjozi kidogo tu, akaipinda kwa mafuta ya moto, na mtu aliyekuwa akikosa miaka yote akaanza kuangusha ndege. Tuliokua tukiyaona hayo hatukuyazoea kamwe.

Siku moja aliingia Noeline Tipa wa Bluff, bega limevilia damu. Duka fulani lilimchagulia bunduki nyepesi kwa kuwa ni mwanamke.

“Dada, nyepesi ndiyo yenye teke,” Lachlan alimwambia. “Hawa walipima gauni.”

“Na wewe fundi unapima nini?”

“Shingo.”

“Pima basi, ila nawa mikono kwanza.”

Walifunga ndoa Gore tarehe 16 Februari 1974.

Mwaka 2022 jicho lake la kulia lilianza kufifia, na mwaka uliofuata likazima. Moyo nao ulikuwa umechoka. Kwetu bunduki ya baba haiguswi na fundi. Mtu huirithi akaumia nayo mpaka uzeeni. Lachlan aliwashawishi wengi waziguse za baba zao, lakini ya baba yake Hector aliiacha kama ilivyo. Sasa ilimlazimu kuhamia bega la kushoto, na kitako kile kilipindia kulia. Alitamani msimu mmoja zaidi wa bata, na hakutaka kwenda na bunduki nyingine. Akaiweka mbele ya binti yake Isla, aliyemrithisha ufundi.

“Pinda.”

“Baba, mbao hii ni kuukuu. Ikipasuka je?”

“Ikipasuka, tutakuwa tumeipasua sisi, si panya. Pinda, mwanangu.”

Isla aliimwagia mafuta ya moto asubuhi nzima, akiisukuma unywele kwa unywele. Mbao ikakubali.

Jumamosi tarehe 4 Mei 2024, msimu ulipofunguliwa, Lachlan alikaa kwenye kibanda cha matete kando ya bwawa. Bata alikuja na upepo wa kusini, juu sana. Mtutu ukamfuata kama kwamba ndio unaomvuta. Risasi moja. Mbwa wake alipokwisha kuingia majini kumwokota bata, Lachlan alimkabidhi Isla bunduki, akanena polepole, “Sasa ni yako. Ikate ikutoshe wewe.”

Alifariki nyumbani tarehe 19 Juni 2024, usingizini.

Ameacha mjane, Noeline. Wajukuu, Rewi na Ailsa. Na binti yake Isla, ambaye jana alikifupisha kitako cha bunduki ile nusu inchi. Mungu amlaze pema, bega lake lipumzike.