Kankindi na Kireno Chake cha Cherehani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza, kisha ukae. Leo tunamkumbuka Kankindi wa Rwezamenyo, mshonaji na mkodishaji wa mishanana, yale mavazi ya sherehe tunayofunga begani. Moyo wake ulisimama Jumanne iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Na Kankindi alijua Kireno. Narudia: Kireno. Hakuna mtu aliyemfundisha.

Alikulia Bujumbura, akaja Kigali mjane, na binti mmoja, Iteka. Miaka saba iliyopita alinunua cherehani kuukuu. Ndani ya droo mlikuwa na kijitabu cha maelekezo, kwa Kireno tu. Aliyemuuzia akamwambia akitumie kuwashia makaa. Kankindi hakukiwasha. Ukurasa wa tisa ulikuwa na alama kubwa ya hatari, na mashine ilikuwa ikishona vizuri. Sasa hatari gani?

Basi, sababu yote ndiyo hiyo. Hakuwa na safari. Hakuwa na mteja Mreno. Alitaka kujua ukurasa wa tisa.

Alianza na picha: sindano, uzi, kitambaa. Kisha kwenye simu akawapata wanawake wa Brazili wanaofundisha ushonaji. Akawa anashona nao, anawajibu, anawagombeza. Baada ya miezi minne ukurasa ukafunguka. Ulisema: usishone ukiwa umevaa tai. Alicheka wiki nzima. Lakini hakuacha.

Siku moja alipiga kelele dukani hadi wateja wakashtuka. "Iteka! Watu hawa nao wanasema meza! Wanasema bendera! Wametuibia!"

"Mama, sisi ndio tulioyachukua kwao."

"Ee? Na mengine yote tuliyaacha kwa nini?"

Iteka anakiri kwamba alimcheka sana. "Nilimwuliza: Mama, Msumbiji utaenda lini? Akaniambia: Weye shuleni ulisoma habari za mwezi. Ulikwenda lini?"

Wasikilizaji wapendwa, twende Kabeza, mwaka juzi. Ihirwe, binti wa mzee Rugamba, anaposwa na kijana wa Msumbiji. Baba wa kijana, mzee Anselmo, ametoka Maputo na dada zake wawili. Kijana mwenyewe bado anavalishwa nyumba ya pili. Desturi yetu mnaijua: msemaji wa upande wa binti lazima akatae kwanza. Mzee Ntare akasimama, akakaza uso. "Wageni, hatuwajui. Na binti mnayemtaka tulishampa mwingine."

Watu wakacheka. Mkalimani wa wageni, ambaye desturi hiyo hakuijua, akatafsiri neno kwa neno, bila kicheko.

Mzee Anselmo akainuka. Akachukua kofia yake. Dada zake wakainuka. Na watu wetu? Wakapiga makofi! Walidhani mgeni naye anaujua mchezo. "Yewe, huyu mzee ni hodari!" mmoja akasema.

Kankindi alikuwa nyuma kabisa, pini mdomoni, akimfunga msindikizaji mmoja mshanana. Akamwona mzee akitoka bila kuwatazama waliompigia makofi. Huyu hachezi, akajua. Nje gari lilikuwa limeshawashwa. Likiondoka, Ihirwe hana ndoa. Alitema pini akakimbia.

Hakuwa amewahi kusema Kireno na mtu aliyesimama mbele yake. Pale langoni alilitafuta neno la utani, hakulipata. Maneno ya kubembeleza hakuyajua. Alikuwa na ya cherehani tu. Akayatumia hayo hayo.

"Bwana, maneno yale ni bandi."

Bandi, ule mshono wa muda.

"Tunapiga bandi, kisha tunafumua. Mshono wa kweli unakuja baadaye. Bila bandi, nguo haikai sawa."

Mzee akamtazama. "Na yule mwanamume mwingine?"

"Hayupo. Hajazaliwa."

"Na wale wote ndani wanajua hayupo?"

"Wote. Hata ng'ombe wa mahari wanajua."

Mzee Anselmo akarudi, akaketi. Ntare alipokataa mara ya pili, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Ihirwe akaolewa.

Kwa Iteka, kwa majirani wa Rwezamenyo, na kwa kila bibi arusi aliyefungwa mshanana na mikono ile: mwihangane, jipeni moyo. Mungu ampumzishe. Na wewe unayesikiliza, uliye na kitu unachotaka kukijua na kila siku unaulizwa kitakusaidia nini, tafakari jambo hili moja.

Mzee Anselmo alipopata habari za msiba, alituma ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Nyumbani kwa Kankindi hakuna tena anayejua Kireno. Mume wa Ihirwe alijitolea kuutafsiri. Iteka alikataa. Jana nilimkuta mezani na simu, kalamu mkononi, anausikiliza kwa mara sijui ya ngapi.

"Nimeshapata maneno sita," aliniambia. "Mengine asiniambie mtu."