Neno Alilolisikia Harub bin Turki

Assalamu alaykum, wasikilizaji wapendwa. Ni mimi Turkiya, na leo sina nyimbo za kuwafungulia. Ammi Harub bin Turki amefariki. Amefariki Alkhamisi, hapa Ibra, akiwa na miaka sitini na tisa. Wengi mlimjua kuwa mjumbe wa Majlis ya Shura. Wengine mlimjua kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kokoto. Nitayaeleza yote mawili. Kisha lipo jambo ambalo mwenyewe aliniomba lisemwe hewani, na hilo ndilo zito.

Alizaliwa Wete, Pemba. Alikuja Oman na miaka kumi na saba, na Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni. Kurani akiisoma kwa tajwidi, lakini kununua kitunguu sokoni hawezi. Akajifunza. Akawa mwalimu wa hesabu, kisha watu wa wilaya wakampigia kura akaingia Shura. Vipindi viwili, miaka minane.

Mkewe, Bi Tamima, ananiambia: "Kabla ya kila kikao husimama mbele ya kioo, akilisema kila neno mpaka limnyookee. Akiogopa wasije wakamcheka."

Na walimcheka, tusifichane. Lakini hakunyamaza. Palikuwa na kivuko cha wadi, bonde kavu ambalo mvua ya milimani hulijaza maji ghafla, na gari zilisombwa hapo kila mwaka. Akauliza mara ya kwanza, akauliza ya pili, akauliza mpaka ya nane. Zikawekwa nguzo za kupimia kina cha maji, na taa ya kuonya. Wako watu hai leo kwa ukaidi wa mtu huyu, na mimi ni mmoja wao.

Mara ya tatu hakupata kura. Kampuni ya kokoto ikamchukua, kwani alijua kubisha mlango wa kila ofisi. Alikuwa mkurugenzi hodari, na mkali. Aliweka kanuni moja: kazi haisimami machimboni bila ya ruhusa yake. Mtu mmoja tu, yeye.

Machimbo yalikuwa kando ya wadi. Mhandisi wa usalama alikuwa Maram, binti wa Sur, miaka ishirini na sita. Kazaliwa hapa hapa Oman, bibi yake ndiye wa Unguja. Ammi Harub alikuwa na raha yake: kila mwenye asili ya kwetu lazima aseme naye Kiswahili. Cha Maram kilikuwa cha jikoni kwa bibi, nusu Kiarabu, lakini alijitahidi kumfurahisha mkubwa wake.

Siku ile ilikuwa Jumatatu. Ammi Harub yuko Nizwa mkutanini. Machimboni jua linawaka, lakini kule milimani mawingu meusi. Saa tano asubuhi Maram akampigia simu.

"Shikamoo, ammi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Ammi, huku juu mvua mkubwa. Wadi labda itashuka leo. Tufanye nini?"

"Basi tungoje kidogo. Ukiona maji, nipigie."

Maram akasema, "Hadhir, ammi." Mkubwa keshasema. Hakulelewa kubishana na mkubwa.

Baada ya dakika arubaini wadi ilikuja. Maram aliteremka mbio huku akipiga kelele. Watu kumi na mmoja walitoka. Watatu walikuwa chini kabisa, wanaosha lori, na mashine inanguruma. Hawakusikia. Watatu hao walikufa.

Ikaundwa kamati ya kampuni. Ammi Harub akaulizwa, mhandisi alikwambiaje? Akajibu kweli tupu, kama alivyoisikia: "Aliniambia labda." Kamati ikaandika kwamba mhandisi hakutoa onyo la uhakika. Maram akafukuzwa kazi. Kila alikoomba kazi nyingine aliulizwa habari ya wadi ile, kisha hakuitwa tena.

Ukapita mwaka. Bi Tamima akafiwa na dada yake, na nyumba ikajaa watu wa tanga. Mpwa wake Mazoon, mwanafunzi wa chuo kikuu, akamkumbatia akamwambia: "Usilie, khalti. Sisi sote labda tutakufa."

Wanawake wakashindwa kujizuia, wakacheka na machozi yao. Ammi Harub alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. Yeye hakucheka. Akamwita: "Mazoon, labda maana yake nini?"

Mazoon akamshangaa. "Labda, ammi. La budda. Yaani lazima."

Wasikilizaji wapendwa, neno ni lile lile. Sisi tulilitoa kwa Waarabu, likafika pwani likalegea. Kwetu labda ni huenda. Kwa Mwarabu la budda ni hapana budi, ni lazima. Watoto wetu waliozaliwa huku wanatusikia tukisema labda, wanadhani tunasema la budda. Maram hakusema huenda wadi itashuka. Alisema lazima itashuka. Aliyekuwa akilinyoosha kila neno la Kiarabu mbele ya kioo, neno hili lilimpita kwa kuwa lilikuja kwa lugha ya mama yake.

Bi Tamima anasema: "Alikaa chini pale pale. Akasema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimejikwaa sikio. Tangu siku ile hakula akashiba."

Akaenda Sur. Baba yake Maram, Mzee Khattab, akampokea barazani. Ammi Harub akasema yote, akaomba radhi. Maram alimjibu hivi: "Ammi, mimi niliwaona wakichukuliwa. Wewe hujawaona."

Akaiandikia kampuni irekebishe ripoti. Ikamjibu kwamba faili limefungwa. Ndipo akaja kwangu.

Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia ratiba imejaa. Mara ya pili nilimwambia wakubwa wa redio wanaichelea kampuni. Mara ya tatu nilimwambia, ngoja Idi ipite. Alitaka dakika tano tu. Idi imepita, na yeye tumekwisha mzika.

Nina aibu, wasikilizaji wapendwa. Ripoti ile ya kamati niliisoma mimi, kwa kipaza sauti hiki hiki, na jina la binti wa watu nikalitaja.

Bi Tamima, watoto na wajukuu, Mungu akupeni subira. Rambirambi zetu pia ziwafikie jamaa za Rafiqul, Ishak na Delwar, waliokufa wadini. Ripoti iliwaita wafanyakazi watatu, basi. Na sisi tulio nyumbani tujiulize: Kiswahili cha watoto wetu tunakicheka, je, tunakisikiliza?

Jana nilimpigia Maram kumwomba idhini. Akasema: "Sema. Lakini jina langu lote, kama ulivyosema siku ile."

Maram binti Khattab bin Wadhah, wa Sur. Ulionya. Nilitangaza kwamba hukuonya, na watu wakaniamini.