Jiwe la Angani na Jina la Baba

Akina mama wenzangu, haya niliyasikia kwenye basi, nayo yananinyima usingizi. Mama mmoja mfua nguo alikuwa akimwambia jirani yake wa kiti kwamba kuna jiwe kubwa angani limepewa jina la ukoo la marehemu binti yake, aliyekuwa mtaalamu wa nyota. "Hongera, dada." "Hongera ya nini? Hilo ni jina la baba yake, aliyeikataa mimba. Nilimwandikisha nalo shuleni kwa aibu. Leo baba huyo anatamba nalo vilabuni." "Lakini damu ni yake." Jirani alikuwa na pete ya ndoa kidoleni, kwake kusema ni rahisi. "Na mikono hii iliyoliwa na sabuni?"

Basi likasimama. Nikashuka na mwanangu kwenda kumwandikisha darasa la kwanza. Baba yake hata sura ya mtoto haijui, na fomu ilitaka jina la ukoo.