Rance Kapewa Sifuri

Ijumaa ya mechi, benchi la nje ya duka la malisho pale Pruett Wells, Texas, hugeuka baraza la vita. Futiboli ya helmeti ndiyo dini ya pili pale, na kwa wengine ndiyo ya kwanza. Asubuhi hiyo Verlon Stuckey alikaa kanuna. Kocha kamtoa Rance, mwana wa Verlon, kwenye nafasi namba tatu ya safu ya ulinzi, kamweka sifuri, na Verlon kaapa kuwa Jumatatu anamhamishia shule ya mahasimu. Jaji, ambaye hajawahi kuhukumu chochote ila mashindano ya nyama choma, alikuwa kulia kwake. Kushoto alikaa Kiberiti, fundi matrekta.

– Sifuri, alisema Verlon. Mtoto wangu mimi.

– Tulia, namba ni mahali pa kusimama tu, alisema Jaji. Sifuri unakaa pua kwa pua na yule anayeinama kutoa mpira. Tatu unasogea hadi bega la nje la jirani yake, unapenya.

– Hasa! Wa tatu anapenya, anamwangusha mrusha mpira, gazeti linamwandika. Wa sifuri analaliwa na wawili kila mara. Nani kaandikwa gazetini kwa kulaliwa?

– Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, alisema Jaji.

– Sasa akimpisha, Jaji, kazi ya ukuta wa ulinzi nini?

Kiberiti alikohoa. Verlon alijua moto unakuja.

– Mi naona ni mpwa wa kocha. Tatu kawekewa yeye.

– Mpwa wa kocha anapiga tarumbeta kwenye bendi, Kiberiti, alisema Jaji.

– Ndiyo wanavyomficha! Halafu mkeo, Verlon, si alicheza dansi na huyo kocha enzi za shule?

– Mara moja tu.

– Mara moja inatosha. Kisasi cha miaka ishirini hicho. Na maskauti wa chuo, wale wasaka vipaji, wanajificha juu ya tangi la maji, na ukiwa kule juu sifuri haionekani.

Verlon alitazama tangi. Aibu ilimshika, lakini alilitazama.

Marisela, aliyehamia mjini mwezi huo kuuza donati dirisha la pili la duka, alikuja na birika kuwaongezea kahawa.

– Samahani, baba Rance. Mwenyewe anasemaje?

– Nani?

– Rance. Anapapenda hapo alipowekwa?

Jaji akachungulia kikombe chake. Verlon alikumbuka mezani jana usiku. Alimuuliza Rance kama anavyomuuliza kila siku tangu akiwa mdogo: "Leo umesimama wapi?" Mtoto akajibu, "Sifuri," akabeba sahani yake akaenda chumbani. Kama alikuwa anacheka au analia, Verlon hakujua; hakumtazama usoni.

– Sijui, alisema. Nilimuuliza namba tu.