Atakayesikiliza Injini Nikishaondoka

Mwambieni huyo Gichuru azime gari. Mwambieni Mama Idarous amesema azime, mashindano yake ya Jumapili yatangoja, mimi ndiye siwezi kungoja. Haya, ahsante. Firdaus, njoo ukae hapa kichwani pangu. Waithira, jirani yangu, usiende, najua umeacha kitu jikoni lakini nataka uwe shahidi, usije ukasikia kesho watu wa Gitothua wakisema mama aliongea na homa. Na wewe Idarous, keti hapo mbele, hapo hapo, mahali unaponiona mdomo. Bismillahi.

Sikilizeni wanangu, kifua hiki kimefika mwisho wake, wala msinyamazishane mkaniambia nitapona, maana nimejikaza kisabuni tangu mvua za El Nino mpaka leo na sabuni yenyewe imeisha. Siwagawii mali. Nyumba hii, karakana na vile vyumba vya kupangisha kule Juja, vyote vina mafungu yake katika sheria, sheikh atawasomea na mtakubali bila kununiana. Ninachogawa ni kazi. Kazi haina fungu katika mirathi, na hii kazi yetu inaua, kwa hivyo nataka nijue nani atakaa wapi nikishaondoka.

Waithira, wewe miaka yote hii umesikia kelele tu ng'ambo ya ua na ukatuvumilia, Mungu akulipe. Basi ujue leo unashuhudia nini. Gari inapandishwa juu ya rola, inafungwa mikanda mbele na nyuma, magurudumu yanazunguka na yenyewe haiendi popote, na kipimo kinatuonyesha ina nguvu kiasi gani. Mtu mmoja anakaa ndani na kukanyaga mafuta mpaka chini kabisa. Wa pili anasimama kando, mkono kwenye kisanduku cha kurekebisha petroli, na masikioni amevaa vikombe vyenye mpira mrefu unaokwenda mpaka kwenye paipu ya shaba, na paipu imefungwa kwa boliti kwenye injini. Anaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua changu. Petroli ikiwa kidogo, au upepo wa turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, ukizidi, injini inaanza kunoki, na hiyo noki si mlio mkubwa jamani, ni kitu chembamba, kama bisi zikianza kupasuka kwenye sufuria ya nyumba ya pili. Akiisikia anainua mkono, na aliye ndani anaachia. Asipoinua mkono, aliye ndani anaamini mambo ni sawa, anazidi kukanyaga.

Injini nyingine itanoki ukapata hata nafasi ya kujiuliza. Hii iliyofungwa hapo nje haina subira hiyo. Haina pistoni, ina rota mbili za pembe tatu, na kwenye ncha ya kila pembe kuna kipande cha chuma chembamba kinachozuia upepo. Inoki mara mbili tatu tu, kipande kimevunjika, kimetoka na moshi, kimeingia kwenye turbo inayozunguka kama mwenda wazimu. Na huyu Gichuru, kijana wa Membley, hashibi! Ilitoka Japani na turbo mbili ndogo, akazitoa zote akaweka moja, kubwa kama sufuria ya pilau, na bado anataka tumpandishie upepo. Nimeisikia asubuhi ikipashwa moto. Siipendi. Nimelala hapa nimegeukia ukuta na nywele zinanisimama.

Mnajua baba yenu alikufaje, lakini hamjui yote. Mnajua tulikuwa Thika, kwenye ua ule wa nyuma ya kiwanda cha nguo, mwaka wa uchaguzi, na gari ilikuwa ya aina hii hii, ya kwanza sisi kuiona. Muzammil alikuwa ndani, mguu chini. Aliyekuwa anasikiliza ni Wambua, rafiki yake aliyekula kwangu Idi zote ingawa yeye ni Mkristo. Wambua hakuinua mkono. Turbo ikapasuka, chuma kikakata paipu ya oili, oili ikamwagikia ekzosi, bomba la moshi, lililokuwa jekundu kama kaa la moto, na baba yenu amefungwa mkanda humo ndani. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Sitaki kusema zaidi ya hapo, na wewe Firdaus usilie, nikianza kukuona unalia nitashindwa kumaliza.

Tangu siku ile nimemchukia Wambua. Niliwakataza hata salamu yake. Nilisema alikuwa anapiga gumzo, nilisema alikuwa amelewa, na watu wa Thika walinisaidia kusema. Kisha mwaka jana nikakutana na mke wake Katunge sokoni, pale penye nyanya, nikataka kumpita, akanishika buibui. Akaniambia, "Mama Idarous, mume wangu hakuwa amelewa. Mume wangu alikuwa haskii. Vifaranga wangelia mpaka wafe mlangoni na yeye amekaa hapo. Aliogopa kusema, kwa sababu nani atampa kazi ya kusikiliza mtu ambaye haskii?" Nilimwacha na nyanya zake nikaondoka. Masikio yake yalikuwa yameliwa na hizi hizi kelele zetu. Akawa anaangalia watu midomo. Wengine wakicheka, anacheka. Akiulizwa kitu, anasema sawa. Siku ile alivaa vikombe vile akasimama kando ya rafiki yake akisikia mngurumo tu, ule mnene, na ile sauti nyembamba haimfikii. Akajitia hamnazo. Aibu tu, wanangu. Mtu aliona aibu, na mwingine akaungua.

Sasa nielezeni kwa nini nimekuwa nikiyasema haya nikimtazama Idarous peke yake.

Usiniambie ni mafua, mwanangu. Mafua gani ya mwaka mzima? Tangu nianguke kitandani wewe ndiye unavaa vikombe nilivyovaa mimi tangu baba yenu afe, na dada yako ndiye anakaa ndani ya gari. Na mimi sina kazi hapa kitandani ila kusikiliza. Nasikia redio yako ilivyo juu. Nasikia birika likipiga mluzi mpaka maji yanakauka, na wewe uko jikoni. Nasikia wateja wanakuuliza kitu na Firdaus anakurudishia swali kwa sauti ya juu, kana kwamba yeye ndiye hakuelewa. Sauti nene zinakufikia, za wanaume, za magari. Nyembamba ndizo zimekuhama. Unabisha? Ile saa ya baba yenu iko chini ya mto huu. Niliitega kabla sijawaita, ilie baada ya dakika chache, na imelia nikimtaja Wambua. Ti-ti, ti-ti, imelia mpaka ikachoka. Waithira aligeuka. Firdaus aliinua mto akaitazama. Wewe ulikuwa unaniangalia mdomo, umetulia, kijana mzuri, na hukupepesa hata jicho.

Kaa chini. Nimesema kaa! Ukitoka kwenye mlango huo na hasira utakwenda moja kwa moja kwenye ile gari uonyeshe kwamba mama amechanganyikiwa, na atakayekaa ndani ni huyu. Mtazame. Mtazame dada yako, usinitazame mimi. Anajua. Amejua kabla yangu, anakufunika watu wasikucheke, na bado kila ukimwita anaingia anajifunga mkanda. Juzi mlango wa nyuma ulikuwa wazi nikamwona kabla hajafunga mlango wa gari. Unajua alikuwa anafanya nini, Idarous? Alikuwa anasoma shahada. Msichana wa miaka ishirini anakwenda kazini kwa kaka yake anatamka shahada kama mtu anayekata roho! Wallahi nilitaka kupiga kelele na kifua hakikunipa. Tangu siku hiyo silali. Mlisema ni ugonjwa unaniamsha.

Firdaus mama, na wewe una makosa. Huko si kumpenda ndugu. Ungemwambia.

Nipeni maji. Kidogo tu... basi.

Huu ndio wosia wangu, Waithira ushike. Firdaus ndiye atakayevaa vikombe na kushika kisanduku. Ana masikio yangu, nimempima utotoni alipokuwa akiniambia panya yuko kabati gani. Idarous atakaa ndani, akanyage mafuta, na mkono wa dada yake ukiinuka aachie hapo hapo, asiulize, asibishane, hata kama Gichuru anaruka ruka hapo nje akisema ongeza. Nao mkono atauona. Macho yake ni mazima, alhamdulillahi. Najua unachofikiria, mwanangu. Unafikiria vijana wa Ruiru watasema Idarous anaongozwa na msichana. Watasema. Wacha waseme wakiwa wanakuona mzima. Na ukishupaa, ukavaa vile vikombe tena siku moja baada yangu, iwe ni kwa gari ya Gichuru au ya mtu yeyote, basi radhi zangu huna. Nimesema mbele ya shahidi. Huna, na usije kaburini kuniombea.

Mbona unavishika hivyo? Umekuja navyo shingoni mpaka chumbani kwa mgonjwa, na sasa umevishika kama nitakunyang'anya. Siwezi kukunyang'anya, mkono wenyewe siwezi kuuinua. Firdaus, simama. Nenda kwa ndugu yako. Usiogope, hatakupiga, huyu hajawahi kukugusa tangu mzaliwe. Mngoje. Mngoje tu, usivute.

Ameinamisha kichwa. Vichukue, mama. Taratibu, nywele zake zimenaswa... Haya. Lia, mwanangu, lia, si ubaya, hapa ni kwa mama yako. Nami nilifikiri nitakufa sijaona hilo.

Sasa yaliyobaki ni machache, na pumzi nazo ni chache. Gichuru mwambieni arudi kwake na gari yake, haiwashwi leo. Mkishamaliza siku tatu za matanga ndipo mtaipandisha tena, mchana, mlango wazi, na kizimamoto karibu. Akikasirika aende kwingine, na mumwambie mimi nimemwombea asipate wa kumkubalia. Mnilaze Thika, ubavuni mwa baba yenu. Wambua atafutwe. Aje, asimame na watu, naye atie mchanga, na asiwepo wa kumnong'ona. Mumwambie kwa sauti, mbele yake, awaone midomo, kwamba mke wa Muzammil hana kinyongo tena. Katunge mumpe lile buibui langu jeusi lenye nakshi... yeye si Mwislamu, atajua la kufanya nalo, atashona kitu.

Waithira, nimekusumbua sana. Nisamehe kelele.

Firdaus, Mungu akuhifadhi masikio yako. Usikae kwenye kelele bila kuziba masikio hata dakika. Uolewe na mtu anayezungumza polepole... Mungu akupe mkono mwepesi wa kuinuka.

Idarous... njoo karibu. Karibu zaidi. Mungu akufungulie... Nimekuridhia, baba. Kwa maziwa niliyokunyonyesha, nimekuridhia, duniani na ak...

Firdaus, sauti imeniishia. Midomo nayo haichezi vizuri, hawezi kuisoma. Mwambie wewe. Mwambie mama amesema... amekuridhia.

Anaitikia kwa kichwa. Hajasikia, huyo. Mimi namjua. Mwambie sikioni... kwa sauti nene...

Mwambie tena.