Mwalimu Eucabeth Nyanchoka na Darasa Lake la Kompyuta

Wachungaji, walimu, majirani na jamaa mliofika hapa Ikonge, mimi ni Abner Nyamweya, ndugu mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Eucabeth Nyanchoka alizaliwa tarehe 6 Juni 1976 hapa hapa Ikonge, Kaunti ya Nyamira, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Jeconia Omosa na marehemu Mama Margret Nyamoita, wakulima wa majani chai. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1990 na kidato cha nne mwaka wa 1994, akachuma chai na mama kwa muda, kisha akaingia chuo cha ualimu mwaka wa 1997, akahitimu 1999.

Mwaka wa 2002 aliajiriwa katika shule ya msingi karibu na Mosocho, na huko ndiko alikofundisha mpaka mwisho. Kompyuta zilipofika shuleni mwaka wa 2017 zilifungiwa stoo kwa sababu hakukuwa na mwalimu aliyezijua, naye akajiandikisha masomo ya jioni mjini Kisii, akarudi akaomba ufunguo. Darasa lake lilikuwa na watoto wa kila namna, kuna aliyefungua mashine na kuanza kucheza nayo kabla hajaambiwa, na kuna aliyeogopa hata kuigusa, basi aliwaketisha wawili wawili, mwepesi na mzito, na yule mwepesi alitakiwa kuweka mikono nyuma na kumwelekeza mwenzake kwa mdomo tu.

Aliolewa na Bwana Ishmael Ochanda wa kutoka upande wa ziwa tarehe 12 Desemba 2004, wakapanga nyumba mtaa wa Nyanchwa, Kisii. Hawakujaliwa watoto. Mwaka wa 2010 Bwana Ochanda alisafiri kwenda kufanya kazi Uarabuni, akawa anapiga simu kila Jumapili, halafu mara moja moja, halafu simu zikanyamaza, na hadi leo familia zote mbili hatujui aliko.

Mnamo Julai 2019 wageni walikuja kuchagua shule itakayojengewa chumba cha kompyuta, na mwalimu mkuu wa wakati huo akamwambia, "Mwalimu, hawa wazito wapeleke uwanjani, tubaki na wale wanaojua." Dada akamjibu, "Wakienda uwanjani, na mimi nitakuwa huko nao."

Walibaki wote. Mbele ya wageni alimwita Mong'ina, msichana ambaye mikono yake hutetemeka tangu kuzaliwa, aandike jina lake, akaandika herufi moja, akafuta, akaanza tena, ile alama iliyo katikati ya jina ikamsumbua sana, na alipoibonyeza herufi ya mwisho wageni walikuwa wameshatoka kwenda kwenye gari, wakabaki watoto na mwalimu wao wakipiga makofi.

Chumba kilijengwa shule nyingine. Baada ya hapo mazungumzo ya walimu wenzake yalikuwa yakikatika anapoingia ofisini, akaacha kwenda huko, akawa anakunywa chai yake darasani, miaka na miaka, na mashine zile zile chache akazifundishia.

Mwaka wa 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anaenda kusafishwa damu hospitalini Kisii, akirudi Nyanchwa kwa boda boda na kujifungulia mlango mwenyewe. Nilimsihi aje kwangu tumtunze. Akasema, "Abner, nikija huko, watoto wa nyuma watafundishwa na nani?" Alifundisha hadi Februari mwaka huu. Alifariki nyumbani kwake usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 2025, akiwa peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi aliyekuwa akiketi naye ili asiingoje mashine ya kusafisha damu peke yake, jirani yake Mama Jemimah aliyebisha mlango asubuhi ile na kuita mpaka akajua, walimu wenzake mliokuja leo na basi la shule, na jamaa ya Ochanda mliokuja bila mwana wenu.

Dada, nyumba yako ya Nyanchwa haikuwahi kupata wageni namna hii. Hapa Ikonge tumejaa boma zima, wengine wamesimama hadi barabarani, na wote tumekuja kwako. Pumzika sasa, Nyanchoka, na amani ya Mungu ikae nawe.